Jani Lenye Harufu ya Beberu

Nilipokuwa mtoto huko Kinama, Bujumbura, usiku mmoja wa miaka ya vita niliamshwa na sauti moja tu: kikohozi cha mdogo wangu, kikavu, kifupi, kama kijiti kinachovunjika. Nyumbani hakuna aliyemwita kwa jina. Mama alikuwa amezika watoto wawili kabla yake, na Koko, bibi yetu wa Uvira, alishikilia kwamba kifo huita kwa jina; asiye nalo hakimpati. Jina la mtoto alilijua Koko peke yake. Sisi tulisema "kitoto", basi.

Kulipokucha, mbavu za kitoto zilikuwa zikibonyea kila alipovuta pumzi. Hatukuweza kumpeleka mjini. Barabara ilikuwa imefungwa, na risasi zilisikika upande wa Buterere.

"Kwetu Uvira ningekuwa na dawa," Koko alisema. "Majani ya chini-chini, maua buluu kidogo, kama vumbi. Ukisugua, inanuka beberu. Hapa Buja nitaipata wapi?"

Nikatoka nje. Bustani ile niliipalilia mimi, lakini sikuwahi kuinama kulitazama gugu hata moja. Kati ya maharagwe nikaona ua la buluu, nikasugua jani lake: maji matupu, bila harufu. Jingine lilinuka nyasi. Gugu la tatu lilikuwa na majani yenye vinyweleo laini, na maua yaliyosongamana kama manyoya. Nikalifikicha, na harufu ikanipiga puani kama zizi zima.

"Koko! Iko hapa! Inanuka beberu!"

"Usinidanganye, we mutoto." Akaja akichechemea, akanusa, akacheka mpaka meno yake yaliyobaki yakaonekana yote.

"Na siye tunaitupiaka kuku!" Mama akasema mlangoni, kitoto kifuani.

Nikanyoosha mkono kung'oa.

"Apana!" Koko akanizuia. "Kwanza uiambie unaichuma ya nani. Bila jina, itamujuaje mugonjwa?"

"Sasa Koko, niseme jina gani?"

Mama akamtazama Koko, bila kupepesa. Kulitaja jina ni kukionyesha kifo mlango. Kulificha ni kuinyima dawa njia.

Nimesoma hadi chuo, na bado sijui kilichomponya mdogo wangu: mvuke wa majani yale, maziwa ya Mama, au ubishi wake mwenyewe. Najua kwamba leo ana ndevu, na akicheka nyumba nzima inajaa. Na katika miaka ile ya bunduki, sikuona ujasiri uliompita kikongwe mmoja katikati ya maharagwe. Maana Koko alipiga magoti, akalishika lile gugu kwa mikono miwili, akainua kichwa. Hakunong'ona. Alitoa sauti ya kufika kwa majirani, na kwa kifo pia, kama kilikuwa karibu:

"Ni ya Ushindi!"