Basi la Kumpeleka Mama Mkubwa Ibra

Safari hii ilitokana na goti. Mama yangu mkubwa, Bi Thuwaiba, alikuwa hospitali akipasuliwa goti wiki ileile mume wa mdogo wake alipofariki huko Ibra. Ukoo mzima tulikwenda matangani isipokuwa yeye. Aliporudi nyumbani kwake Hail, hapa Maskati, ukimtembelea humsikii akilalamikia kidonda. Wimbo wake ni mmoja tu: "Majirani nimewazikia, watu nisowajua nimewapa mkono. Leo ndugu yangu wa tumbo moja kafiwa, mie nimelala nnakunywa supu!" Kisha machozi.

Mama Mdogo Zamzam naye asingeweza kuja Maskati. Anakaa eda, na mjane akiwa edani hatoki nyumbani kwake mpaka itimie miezi minne na siku kumi. Mama yangu mzazi, aliyekuwa katikati yao, ametangulia mbele ya haki. Wamebaki hao wawili, na simu haikuwatosha. Gari dogo halikufaa, kwa sababu daktari alikataza goti lisikunjwe mwendo wote ule. Nikasema nitakodi basi, Mama Mkubwa anyooshe mguu atakavyo. Kazini kwangu mimi ndiye ninayepanga safari za wafanyakazi, kwa hiyo nilijiona bingwa.

Wiki moja kabla ya safari, nilitangaza kwenye kundi letu la simu kwamba wanawake wanaotaka kwenda wajiandikishe. Wakajibu "inshallah". Sasa, inshallah ya mtu aliyekwisha kupiga pasi nguo si sawa na inshallah ya mtu anayekwepa, na kwenye simu zote zinafanana. Ilinibidi nimpigie kila mmoja. Tukawa ishirini na saba.

Bwana wa kampuni ya mabasi aliniuliza kama nataka basi fupi lenye mlango wa chini au lile refu lenye buti kubwa tumboni. Nikafikiria masufuria. Nyumba ya msiba haiendwi mikono mitupu, na watu ishirini na saba hawawezi kwenda kumpikisha mjane. Nikamwambia alete lile refu. Nilimuuliza habari za mapazia, za kiyoyozi, na kama dereva atakubali kusimama tukiswali. Habari za ngazi sikuuliza.

Jumamosi, saa moja asubuhi, basi lilisimama mbele ya nyumba yangu Ansab. Dereva alikuwa Bwana Nassor, mtu mzima mwenye kofia nyeupe safi, mzaliwa wa Tabora, anayesema Kiswahili cha bara kilichonyooka. Alitazama biriani, masanduku ya barafu, kapu la sambusa na chupa kumi na moja za chai, akaniuliza, "Dada, tunakwenda kuhani au tunakwenda kufungua hoteli?" Nikamwambia apakie tu.

Saa mbili kasorobo tulikuwa Bawshar kuwachukua tisa. Wakatoka kumi na wawili, kila mmoja na sufuria yake, kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba mwenzake amepika cha kutosha. Viti vilikuwapo, alhamdulillahi.

Saa mbili na nusu, Hail. Mama Mkubwa alikuwa kibarazani tangu alfajiri, amevaa abaya mpya, mkongojo mkononi. Mlango wa basi ulipofunguka nikaona ngazi. Ya kwanza ilikuwa juu karibu na goti langu mimi mzima. Juu yake kulikuwa na nyingine tatu, nyembamba, zinazopinda kuelekea kwa dereva.

Mama Mkubwa alizitazama, kisha akanitazama mimi. "Rahma mwanangu, umenletea basi au mnara?"

Nilitamani nirudi kitandani. Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki, binamu zangu wanne wakambeba, Bwana Nassor akageuza uso kwa adabu huku akitoa maelekezo: kulia kidogo, inua nyuma, taratibu. Tulichukua zaidi ya robo saa. Kwenye ile kona goti liligonga chuma, akatoa ukelele ambao sitausahau. Alipofika kwenye kiti cha mbele, jasho likimtoka, alisema, "Kunshusha Ibra na kunpandisha tena, wallahi siwezi. Mtanizika huko huko."

Barabara ya Fanja na Bidbid ni nzuri, lakini sikuona kitu. Nyuma yangu wanawake walikuwa wanakula sambusa na kubishana nani aliyeiga pilau ya nani. Mimi nilikuwa nahesabu ubaya. Mmoja hawezi kushuka kwenye basi, mwenzake hawezi kutoka nje ya nyumba. Nilikuwa nimemsafirisha mgonjwa mwendo wa saa mbili ili asimame mlangoni kwa ndugu yake asimwone. Nikamnong'oneza Bwana Nassor shida yetu yote. Aliendelea kuendesha mpaka tukaipita Bidbid na kushika njia ya Sharqiya, iendayo Ibra.

"Hiyo nyumba ina ua?" akauliza.

"Ina hoshi kubwa, imezungushiwa ukuta."

"Na geti lina zege kwa juu?"

Sikukumbuka. Nikampigia Khalfan, mtoto wa Mama Mdogo. Akasema geti liko wazi juu, lina mabati mawili tu ya kufungua. "Lakini kwa nini mnauliza?"

"Basi litaingia ndani," nikasema, na mwenyewe nikashangaa nimesema nini.

Saa tano kasoro tuliingia Ibra. Khalfan alikuwa amekwisha kuyatoa magari yake mawili hoshini. Alipanda basini, akambusu Mama Mkubwa mkono, kisha akashuka, akaliangalia geti kwa mashaka. Bwana Nassor alishuka, akapima kwa hatua, akakunja vioo vya pembeni, akarudi akasema zitabaki kama shubiri mbili kila upande. Abiria wote wakashuka isipokuwa mmoja. Dereva akaanza kuingia kinyumenyume, kidogo kidogo, na sisi ishirini na tisa tumejipanga kama askari wa trafiki, kila mmoja akipiga kelele zake. Bwana Nassor alisimamisha basi.

"Jamani mama zangu, anielekeze mmoja!"

Nikamwelekeza mimi.

Nusu ya basi ilipokuwa ndani, likasimama tena. Tawi nene la mndimu lilikuwa limelalia paa. Khalfan alikwenda kulishika, akabaki amelishika vivyo hivyo. Mti ule aliupanda marehemu baba yake, na kila jioni alikuwa akiumwagilia mwenyewe.

"Huu siwezi kuukata, Dada Rahma," alisema polepole. "Mama ataniuliza."

Sikumlaumu. Ningekuwa yeye nami nisingeweza. Basi lilikuwa limekwama, nusu nyumbani na nusu barabarani, na dirishani Mama Mkubwa alikuwa ameanza kujifuta macho kwa ncha ya mtandio. Hapo sauti ikatoka nyuma ya dirisha la chumbani, sauti ya Mama Mdogo Zamzam, ambayo tangu msiba ilikuwa ya chini sana.

"Kata, Khalfan! Mti utaota. Dada yangu mie hatoota tena!"

Khalfan akaleta msumeno. Tawi likaanguka, ndimu zikasambaa chini, na basi likaingia mpaka mkia wake ukakaribia ukuta wa jikoni. Tukafunga geti. Bwana Nassor akazima injini, akashuka bila kugeuka, akaenda moja kwa moja na Khalfan kwenye sebule ya wanaume kunywa kahawa. Tukashusha mapazia yote.

Mmoja wa binamu zangu, ambaye hapendi jambo lipite bila fatwa, aliuliza kama kupanda basi si kutoka nyumbani. Mama Mdogo alikuwa ameshafika uani, amevaa nguo yake ya eda isiyo na nakshi, amekonda mno. "Geti limefungwa," akamwambia. "Nimo ndani ya kuta za mume wangu. Weye kapakue biriani."

Akazipanda zile ngazi mwenyewe, ameshika vyuma kwa mikono miwili, akipumzika kila ngazi. Mama Mkubwa alijaribu kuinuka, akashindwa, akanyoosha mikono tu. Walilia kwa pamoja, kwa sauti, kama wanavyolia watu waliokuwa wakingojeana. Nikashuka, nikafunga mlango, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na jikoni. Nilijikuta nacheka na kulia, kwa jinsi moyo ulivyonitua.

Walikaa humo hadi alasiri. Tuliwapelekea chakula, wakala sahani moja. Tuliwapelekea maji ya udhu na mabakuli, wakaswali humo humo, mmoja amekaa na mwingine amesimama kwenye njia ya katikati ya viti. Nilipopeleka chai niliwakuta wanagombana juu ya mwaka waliotobolewa masikio, nikajua sasa mambo yamekwisha kuwa mazuri.

Saa kumi na moja tuliondoka. Masufuria yalirudi matupu, kwa sababu majirani wote wa mtaa ule walikuja kuona basi lililoingia hoshini, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka bila kula. Kumshusha Mama Mkubwa Hail ilikuwa kazi ileile, lakini safari hii tulijua namna ya kuipita ile kona.

Nimejifunza, nanyi mnaopanga safari za jamaa mtanisikia: kabla ya kuuliza viti vingapi, uliza nani anapanda na anapandaje. Na dereva mwambieni shida yenu yote, kwa kuwa huenda ameshawahi kuona kubwa kuliko hiyo.

Kesho yake Mama Mkubwa alinipigia simu asubuhi mapema. Nilidhani goti. "Zamzam kanpigia," akasema. "Ati usiku wa jana kalala mpaka alfajiri. Ndo mara ya kwanza tangu afe mumewe." Kisha akaongeza: "Nami nimelala, mwanangu."