Siku Tuliyofungwa Mnyororo Mjini

Tuliokuwemo ndani ya gari tulikuwa watu watatu. Mimi. Mwanangu wa mwisho, ndiye dereva na ndiye mwenye gari. Na shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu, mzee wa ukoo, ambaye sikio lake la kulia lilishaacha kazi. Nje ya gari alikuwepo binti wa pakingi mwenye kizibao cha njano. Hospitali alikuwepo kaka yangu wa tumbo moja, amelazwa, na binti yake aliyekuwa akimuuguza. Majina yao ninayo yote, pamoja na ya baba zao na babu zao, hata la yule binti wa pakingi, maana nilimuuliza. Lakini siyaandiki. Wenyewe watajijua.

Lazima kwanza niseme tulikuwa tunakwenda kufanya nini, maana bila hivyo mtaona ni kelele za deni tu.

Mwanangu aliponunua lile gari la kubebea maziwa, kwetu Marangu halikuwa na pa kulala. Njia ya kuingilia nyumbani ni ya miguu, huku migomba, huku mpaka wa kihamba, shamba la urithi, cha kaka yangu. Mpaka wenyewe ni masale, mimea ya majani marefu, yale yaliyopandwa na baba yetu. Mtu wa kwetu hang'oi isale la mpaka. Ukiling'oa, ni kama umemfukua aliyelipanda. Mwanangu alikuwa na gari jipya na haraka ya ujana, akachukua jembe asubuhi moja, akang'oa mstari mzima, gari likapita, likalala uani. Kaka alipotoka kanisani akakuta magurudumu yamepita pale alipokuwa akikata majani ya ng'ombe. Hakugombana. Aliacha tu kuitikia shikamoo ya mwanangu. Mjomba asiyeitikia shikamoo! Jambo hilo lilidumu mpaka watoto wakazoea.

Halafu kaka akaugua tumbo, akalazwa mjini, tukaambiwa atapasuliwa. Akatuma neno kupitia binti yake: yule kijana, kama ana la kusema, aje kabla sijaingizwa. Saa ya kuona wagonjwa mchana ikiisha, ndipo wanampeleka. Basi. Nilichokitaka siku ile kilikuwa kimoja, waonane na wasemezane. Shemeji akakata jani la isale alfajiri, akalifunga fundo kama inavyotakiwa, akalishika mkononi toka nyumbani, Himo tukaipita, mpaka mjini, hakuliweka chini. Isale likishapelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni vigumu mno yeye kukataa kukusamehe. Na wewe hulazimiki kusema mengi. Jani linasema.

Tukafika mjini mapema. Kuzunguka hospitali hapakuwa na pa kuweka hata baiskeli. Mwanangu akazunguka, akazunguka tena, huku akitazama saa, na mimi nikitazama shingo yake ilivyokuwa inatuna. Mtaa wa maduka ya vyuma tukapata nafasi kati ya magari mawili makubwa. Akasema, "Mama, kaeni hapa. Nakimbia kumnunulia Mjomba shuka, narudi, tunatembea taratibu." Akaenda.

Sisi wawili tukakaa. Akaja binti mwenye kizibao, kashika kimashine, akapiga picha namba ya gari. Akasoma. Akasoma tena. Akaenda zake, akarudi na mwenzake wamebeba chuma cha njano cha kufungia gurudumu, kile watu wanachokiita mnyororo.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, Bibi. Babu, shikamoo."

Shemeji hakusikia. Nikamgusa, akaitikia kwa sauti mpaka watu wakageuka. Na wakati anaitikia, kile chuma kilikuwa kimeshaingia kwenye gurudumu la mbele na kufuli limeshalia.

Nikamwambia, "Wewe binti, unatusalimia huku unatufunga?"

"Bibi, kukusalimia ni adabu yangu. Kufunga ni kazi yangu. Gari hili lina madeni ya pakingi mengi, hayajalipwa, na faini juu yake."

Ndipo mwanangu akatokea na shuka kwapani. Jamani. Sijui mnajua mtu anavyoonekana akiona ng'ombe wake amefungwa kwenye mti wa mtu mwingine.

Akaomba aonyeshwe madeni. Binti akamwonyesha kwenye kimashine, moja baada ya jingine. Mengine alikubali, alisema kweli alisahau. Lakini yapo aliyoyakataa, na mimi nilikuwa shahidi. Moja lilikuwa la siku ya kipaimara cha mtoto wa jirani, gari hilo hilo lilibeba viti vya kanisa toka asubuhi hadi jioni, usharika mzima ulikalia viti hivyo. Lingekuwaje mjini?

"Siku hiyo lilikuwa Marangu!" mwanangu akasema.

"Kaka, mashine inasema lilikuwa mtaa huu."

"Mashine ilizaliwa na nani? Si ninyi mnaoiandikia namba? Ukikosea herufi moja, mimi nalipa?"

"Andika malalamiko, upeleke ofisini. Wanapokea."

"Nikapeleke na gari lipi, hili ulilolifunga?"

Watu wakaanza kukusanyika. Mjini Moshi mtu akipandisha sauti hakosi mahakimu. Bodaboda mmoja akasema, "Mlipe dada wa watu, usimchoshe." Mwingine, fundi wa kuchomelea mageti, akasema hapana, kijana ana haki, mbona hayo magari mawili makubwa yamelala hapo toka juzi na hayajafungwa? Mwenye duka akajibu toka mlangoni kwamba yeye amelipia mwezi mzima, anayo kadi. Fundi akamwambia, "Ndiyo maana! Wewe unalaza gari kama godoro, muuza maziwa akisimama kushusha debe moja anatozwa kama wewe." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Lakini alisema ukweli. Mama anayeshusha maziwa na tajiri anayelaza gari barabarani hawawezi kuwa sawa, na siku hizi wamefanywa sawa, tena tajiri anapata nafuu.

Nikashuka, nikamwita mwanangu pembeni. "Achana nalo. Twende kwa mjomba wako. Gari tutalirudia."

"Mama, kasema gari la kuvuta linakuja. Wakilivuta, kila siku linalolala kwao nalipia. Maziwa ya kesho asubuhi nayabeba mgongoni? Nikiondoka ni kama nimekubali kuwa mimi ni mdaiwa sugu. Sikubali kuonewa."

"Mjomba wako anaingizwa mchana huu."

"Naomba dakika chache tu, Mama. Huyu lazima aseme ukweli."

Nilimwona. Sauti ile ile aliyonitolea nilipomuuliza habari ya masale. *Lazima.* Nikajua hatatoka pale. Na mle ndani ya moyo wake, sijui kama alikuwa anajua mwenyewe, kufungwa mnyororo kulimfaa. Kugombana na kimashine ni rahisi kuliko kusimama mbele ya kitanda cha mjomba.

Akamgeukia yule binti, na hapo ndipo akaharibu. Akamwambia mbele ya watu wote, "Wewe ni mwizi. Na aliyekutuma ni mwizi. Mnakula jasho la watu."

Binti akabadilika uso. Mpaka hapo alikuwa anaongea kwa upole, naapa. Akachukua simu, akapiga, akasema, "Leteni gari la kuvuta. Sasa hivi." Akakata, akakunja mikono.

Nikauliza saa. Bodaboda akanitajia. Saa ya wagonjwa ilikuwa imeshaanza na ilikuwa inakimbia.

Nikaingiza mkono dirishani, nikamwambia shemeji, "Nipe hilo jani."

"Eh?"

"Isale! Nipe!"

"Hilo ni la kaka yako. Limefungwa kwa ajili yake. Shemeji, halitolewi hovyo!"

Nikalichukua. Sikulinyang'anya, kama anavyowahadithia watu. Nililichukua tu, kwa nguvu kidogo.

Nikaenda mpaka mbele ya yule binti, nikalishika kwa mikono miwili, nikamnyooshea.

Alirudi nyuma hatua nzima na mikono akaificha mgongoni. Hapo nikajua ni wa kwetu. Mtu wa mbali angelipokea akidhani ni mboga.

"Mae, usinifanyie hivyo," akasema, akiniita mama kwa lugha ya kwetu. "Kitu hicho hakipewi mtu barabarani."

"Wewe ni wa wapi?"

"Baba yangu ni wa Kibosho."

"Basi unajua. Pokea."

Mwanangu akapiga kelele, "Mama! Ukitoa hilo umekiri! Umekiri deni lote mbele ya watu!"

"Nyamaza," nikamwambia. "Hili si la deni. Deni mtabishana huko ofisini mpaka mzeeke. Hili ni la tusi. Umemwita mtoto wa watu mwizi, na anafanya kazi aliyopewa. Kosa la mashine si langu, ila tusi limetoka kwenye tumbo langu."

Bodaboda mmoja akasema, "Leo pakingi inalipwa kwa majani! Ongezeni na mbuzi!" Fundi wa mageti, naye mtu wa mlimani, akamwambia afunge mdomo.

Nilimwona binti macho yakielekea kwenye fundo la jani, kisha kwa mwanangu, kisha kwangu. Ningemlaumu kama angekataa? Nisingemlaumu. Alikuwa na bosi na alikuwa na mshahara. Mwishoni akatoa mikono mgongoni, akapokea kwa mikono miwili, akainama kidogo.

Akapiga simu tena. Tulisikia sauti ya mwanamume ikibwata upande wa pili.

"Mkuu, lile gari lisije. Nafungua gurudumu… Hapana, hajalipa… Nimepewa isale… Isale, mkuu… Ni jani… Hapana, siyo rushwa! Nani ahonge kwa jani?… Ndiyo, deni linabaki kama lilivyo. Nitajieleza nikija."

Alifungua kufuli mwenyewe. Alipomaliza akamwambia mwanangu, bila kumtazama, "Deni lako halijafutika hata kidogo. Ulilosamehewa unalijua." Mwanangu akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Tukaliacha gari pale pale na tukaenda kwa miguu, mimi na shemeji tukishikana kama walevi, mwanangu mbele na shuka lake. Shemeji njia nzima: "Tunaingia na nini? Shemeji, tunaingia na nini?" Alitaka akate isale kwenye ua wa nyumba moja, maana mjini wanayapanda kama mapambo. Nikamwambia muda hakuna, na la kukata kwenye ua wa watu bila ruhusa ni kosa jingine juu ya kosa.

Mlinzi wa hospitali alikuwa ameshaanza kusukuma geti. Alituona wazee, akaacha upenyo.

Kaka alikuwa amevaa lile gauni la kijani la kuingilia upasuaji. Amekonda. Binti yake akasimama. Kaka akatazama mlango, akaniona, akamwona shemeji, akamwona mwanangu. Kisha akatazama mikono yetu. Sote watatu. Hakukuwa na kitu, ni shuka tu ndani ya mfuko wa plastiki. Akageuzia uso ukutani.

Shemeji akaanza kueleza, "Lilikuwepo, bwana, nimelifunga mwenyewe, ila dada yako…" Nikamvuta koti.

Muuguzi alikuwa anakuja na kitanda cha magurudumu.

Mwanangu alisimama pale kama nguzo. Njia nzima toka nyumbani alitegemea jani lizungumze, yeye asimame nyuma yake. Sasa jani lilikuwa mtaa wa maduka ya vyuma, mikononi mwa mtu mwingine. Nilitaka kumsaidia neno. Nikauma ulimi. Muuguzi akasema, "Jamani, tunaomba nafasi."

Ndipo akasema. Akapiga goti kwenye sakafu ya hospitali, mtu mzima yule, akasema, "Mjomba, shikamoo. Niling'oa masale ya babu ili nipate pa kulaza gari. Sikukuomba. Nilijua ungekataa, ndiyo maana sikukuomba."

Kaka hakugeuka upesi. Alipogeuka, alisema, "Marahaba." Neno hilo moja, na kitanda kikaondoka.

Walimpasua, akatoka salama. Sasa hivi yuko nyumbani, anatembea na fimbo na anapenda kulalamika chumvi imepungua kwenye mtori. Masale mwanangu ameyarudisha nusu ya mstari. Nusu iliyobaki bado wanajadiliana wapi gari lipite, na wanajadiliana kwa kelele, lakini wanajadiliana. Deni la siku ya kipaimara ofisini bado halijafutwa. Amepeleka barua na mashahidi, anaambiwa njoo wiki ijayo. Yale mengine alilipa. Yule binti nilipopita tena mtaani niliambiwa amehamishiwa mtaa mwingine, na sikupata mtu wa kuniambia kama ni kwa sababu yetu. Hilo linanikera mpaka leo.

Nimeandika nilivyoona. Binti wa kaka anasema baba yake alimshika mwanangu kichwani kabla kitanda hakijaondoka. Mimi sikuona mkono, lakini muuguzi alikuwa amesimama mbele yangu. Shemeji anasema mlinzi hakuacha upenyo, ni yeye aliyesukuma geti. Basi wewe uliyekuwepo, mtaani au wodini, hasa wewe binti wa Kibosho, ukiona nimepindisha mahali, njoo uniambie. Nyumba haijifichi, uliza kwa mzee aliyeng'olewa masale. Nitafuta niandike upya.