Nguo ya Shujaa Wetu

Leo binti yangu kaniharibia katuni ya utotoni kwa swali moja!

Ni ile ya Kijapani, ya mwanamke mwenye upanga. Kule kijijini kwetu Sindeni mimi na dada tulifunga kanga mabegani tukapigana kwa mabua, tukijiona ndio yeye.

Basi leo nikamwekea binti yangu Zai, nami nipumzike. Baba yake naye macho kodo.

"Mama, mbona wanaume wakipigwa mashati yanabaki mazima, yeye tu ndiye anayechanikiwa na nguo?"

"Baba Zai, mjibu mwanao."

Ghafla akaanza kutafuta chaja. Jamani!

Wenzangu, mngemjibuje?

Mimi nimeizima katuni. Zai akalia. Nikamfunga kanga mabegani, nikampa mwiko.

"Pigana, mwanangu. Kwenye mchezo wetu nguo ya shujaa haijawahi kuchanika."