Injinia wa Mafuta Katika Soko la Nuu

Baba alikuwa ameshaamua kwamba nitasomea uhandisi wa mafuta. Mfano wake ulikuwa mmoja tu: mdogo wa Mama, ambaye ukoo mzima ulimwita Injinia hata kwenye matanga. Kabla sijachagua kozi za chuo, Baba akasema twende Nuu tumsikie mwenyewe. Akavaa tai. Mama akatufungia maembe ya Mbumbuni, tukaondoka.

Tulimkuta sokoni, amevaa gambuti, akipakia mbuzi kwenye lori.

"Shemeji!" akaita kwa furaha. "Hebu nishikie huyu." Akampa Baba kamba ya beberu na kurudi kwa wenzake.

Baba alimtazama beberu, kisha akanigeukia. Mimi nikaangalia viatu vyangu, maana nilijua macho yetu yakikutana nitacheka.

"Uko likizo?" Baba akamuuliza Mjomba aliporudi.

"Likizo gani, shemeji? Hii ndiyo kazi."

Akatueleza bila aibu yoyote. Alipomaliza shule, kila redio ilisema Kenya imepata mafuta, mwenye akili asomee mafuta. Akasoma. Alipohitimu, redio zilikuwa zimehamia kwenye kusifu kompyuta. Alituma maombi ya kazi mpaka akachoka, akaanza kununua mbuzi na kuwapeleka Nairobi. Lori lile lilikuwa lake.

Baba hakukata tamaa. "Lakini huko mbele, yakishachimbwa..."

"Yakichimbwa, wachimbaji nitawauzia nyama."

Hapo beberu akaanza kutafuna tai. Baba akavuta, beberu naye akavuta.

"Usihangaike, shemeji, atachoka mwenyewe," Mjomba akasema, nami nikashindwa kabisa kujizuia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mjomba akanigeukia.

"Wewe mpwa wangu, ukiachwa peke yako na bisibisi, unafungua nini?"

"Amplifaya ya kanisa," nikajibu kabla sijafikiri.

"Kumbe ni wewe!" Baba akafoka. Alikuwa mzee wa kanisa, na amplifaya ile ilikuwa imeombewa mara kadhaa kwa sababu ya kukoroma.

"Lakini siku hizi haikoromi," nikajitetea.

Mjomba akafurahi sana. "Basi soma umeme. Kazi siwezi kukuahidi, nimeshaahidiwa mimi nikaona. Lakini hata kazi ikikosekana, watu watakuletea vitu vyao vilivyoharibika."

Tuliporudi nyumbani, Mama aliuliza habari za ndugu yake. Baba akasema yuko katika usafirishaji.

"Wa mafuta?"

Baba akaomba chai.

Nikachagua umeme, naye hakunipinga. Nilipohitimu, nilienda mji wa Kwa Vonza kuomba kazi kwa mtu anayefunga pampu za sola. Nilikuwa nimejiandaa usiku na mchana kujibu maswali ya volti. Yeye aliinua macho akatazama mnara wa tangi, akaniuliza kama naogopa kupanda juu. Nikamwambia siogopi. Nilikuwa naogopa sana.