Daftari la Majina la Tonton Saidi

Mimi ndiye niliyekosa. Nalitanguliza hilo, kwa sababu nimelificha mpaka watu wawili niliowakosea wamekufa wote, na sasa sina wa kumwambia isipokuwa ninyi msionijua.

Miaka ya uhuru nilikuwa kijana wa Kisangani mwenye diploma ndogo na mwandiko mzuri. Wazungu walipoondoka kwa haraka, ofisi ya afya ilibaki na meza nyingi na watu wachache. Nikapewa meza ya takwimu. Kila juma wauguzi wa vituo vya nje, tuliowaita infirmier, walituma karatasi: wagonjwa wapya wa ndui ni wangapi, waliokufa wangapi, waliochanjwa wangapi. Mimi nilijumlisha, nikachora mistari kwenye karatasi kubwa ukutani, na daktari mmoja tuliyebaki naye aliitazama mistari hiyo ndipo aamue chanjo iende wapi. Chanjo haikuwatosha wote. Donc, kalamu yangu ilikuwa inagawa uzima na mimi sikujua.

Kituo cha Ubundu kilikuwa cha muuguzi Saidi, ambaye sote tulimwita tonton, yaani mjomba. Alikuwa mtu mzima, Mwislamu wa zile familia za zamani za mjini, mpole, anayeniita "mwanangu" hata katika barua za kazi. Namba zake zilinitia shaka tangu mwanzo.

Hebu fikirini. Vituo vingine vilileta wagonjwa wachache, na wengi wao walikuwa wamekufa. Bafwasende ilileta sifuri, juma baada ya juma. Lakini Ubundu! Wagonjwa kuliko vituo vyote, na waliokufa wachache sana. Nikajiambia, huyu mzee anatuona wajinga. Ndui gani hii inayoshika watu wengi hivi halafu inawaacha? Anaongeza wagonjwa ili apewe chanjo nyingi, kisha azipeleke anakojua mwenyewe.

Na zilikuwa siku za kushukiana. Jirani akinunua redio, watu wanauliza anamsikiliza nani. Ukikaa kimya unaficha kitu, ukisema sana umetumwa. Mimi nilijiona mwerevu kwa kutomwamini mtu.

Daktari aliponisikia alisema nimuulize mwenyewe. Nikamwandikia tonton Saidi barua kali, isiyo na heshima, nikitaka ushahidi, na fungu lake la chanjo likapunguzwa mpaka autoe.

Hakukasirika. Alimtuma Albert, shemeji yake, ndugu wa mke wake mama Zaina; Albert ndiye aliyembebea sanduku la chanjo safarini. Albert alikuja kwa treni, akavuka mto, akaniwekea mikononi daftari nene lenye jalada la kitambaa.

"Tonton anasema usome pole pole," aliniambia. "Mutu moya, mustari moya."

Ndani kulikuwa na nyumba baada ya nyumba: baba, mama, watoto, nani ana vidonda, nani ana makovu ya zamani, nani amechanjwa. Albert akanieleza bila kujivuna. Wauguzi wengine wanakaa kituoni wakingoja, hivyo wanaletewa wale tu wanaokaribia kufa. Tonton anatembea kwa miguu kandokando ya reli mpaka kambi za wavuvi, anawakuta hata wenye vidonda vitano ambao wasingekuja kamwe. Ndiyo maana wagonjwa wake ni wengi na vifo ni vichache. Na majina anayaandika ili mtu mmoja asihesabiwe mara mbili.

Nilimsikia vizuri. Lakini barua yangu ilikuwa imeshatoka, na kukubali kwamba nimemkosea mzee kuliniuma. Nikasema nitalichunguza. Daftari likabaki kwenye meza yangu, na fungu la chanjo la Ubundu likabaki limepunguzwa.

Halafu waasi wakaingia mjini.

Wakati ule kuwa karani kulikuwa hatari, kwani waasi waliwaona makarani kuwa watu wa serikali. Nilivua tai, nikajifungia nyumbani siku kadhaa, kisha tukaitwa kurudi kazini. Siku ya pili wakaja watu watatu wenye silaha. Mkubwa wao alipita meza kwa meza akiuliza kila mmoja karatasi zake ni za nini. Akafika kwangu, akafungua daftari.

"Hii majina ya batu ni ya nini?"

Jibu nililijua. Sentensi moja tu: ni ya ugonjwa, ili mtu asihesabiwe mara mbili. Lakini daftari lilikuwa kwenye meza yangu, na niliogopa atadhani ni langu.

"Sijui, chef," nikasema. "Ni ya infirmier wa Ubundu. Hata mimi namba zake sizisadiki."

Aliliweka kwapani, akaenda meza ya pili.

Juma lile lile tonton Saidi alikamatwa. Walisema anaandika watu nyumba kwa nyumba ili awape majina askari wa serikali. Wakamleta mjini, wakamfunga, wakampiga. Mkono wake wa kulia waliuvunja kwa sababu ndio ulioandika.

Na sasa nitasema kinachoniaibisha zaidi. Pale ukutani mstari wa Ubundu ulishuka mpaka sifuri, nami nikafurahi! Nilimwita daktari nikamwonyesha: tazama, mzee ameondoka na ndui imekwisha, namba zilikuwa za uongo. Daktari akatazama karatasi, kisha akanitazama mimi.

"Nani anahesabu kule sasa?"

Akashusha kidole mpaka mstari wa chini kabisa.

"Na Bafwasende, ile sifuri yako, nani anahesabu?"

Tulikuja kujua baadaye. Muuguzi wa Bafwasende alikuwa amekimbilia msituni zamani, na karani wake alikuwa akiandika sifuri ili karatasi isiende tupu. Kituo nilichokiamini hakikuwa na mtu. Kituo nilichokishuku ndicho pekee kilichokuwa kinafanya kazi ipasavyo.

Treni ilipotembea tena daktari alinituma Ubundu na chanjo kidogo. Daftari lilikuwa limepotea, kwa hiyo mama Zaina ndiye aliyeniongoza. Alizijua nyumba zote kwa kichwa, kwani alikuwa akitembea na mume wake. Katika nyumba ya mfanyakazi wa reli tulimkuta mama mmoja kijana akitwanga pondu, majani ya muhogo. Alituambia tonton Saidi alimwagiza amlete mtoto wake achanjwe akikua kidogo. Alimleta mara mbili, akakuta mlango wa kituo umepigwa misumari. Mtoto walimzika nyuma ya nyumba.

Akaniuliza kama mimi ndiye infirmier mupya. Nikamwambia hapana, mimi ni wa kuhesabu.

"Bon. Basi umuandike," akasema, akaendelea kutwanga.

Nilimwandika. Siku ile tuliandika wengine wengi.

Waasi walipofukuzwa, tonton Saidi alitoka akiwa hai. Vidole havikuweza tena kushika sindano. Alikuja kwangu nyumbani, akakaa, na nikaona kuna jambo moja tu linalomla.

"Mwanangu, ni Albert. Carnet ile ya majina ilikuwa na yeye. Anasema alikuachia wewe, lakini hukuniandikia kama ilifika. Ni yeye aliwapatia."

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa, na yule aliyekuwa na bunduki hayupo tena. Nilimwongezea chai. Kisha nikamwambia siku hizi mtu hajui amwamini nani. Hayo ndiyo maneno niliyompa mzee aliyevunjwa mkono kwa ajili ya woga wangu!

Akamfukuza Albert katika familia, ndugu wa tumbo moja na mke wake. Mama Zaina alilia, lakini naye shaka ilikuwa imemwingia. Albert akahamia Yangambi, akafanya kazi za shamba.

Miaka ikapita, naye akaja kunitafuta, nywele zimeshaanza kuwa nyeupe. Alikataa kukaa.

"Nilikupatia ile carnet mu mikono yako," akasema. "Mi siombi kitu ingine. Enda tu umuambie shemeji."

Wakati huo nilikuwa na cheo, mke, na watoto waliokuwa wakimwita tonton Saidi babu.

"Albert," nikamwambia, "siku zimepita nyingi. Sikumbuki."

"Unakumbuka," akasema. Akavaa kofia yake, akashuka mtoni kutafuta pirogi ya kurudi.

Tonton Saidi alitangulia kufa. Kwenye matanga Albert hakuruhusiwa kuingia. Alisimama upande wa pili wa barabara tangu asubuhi mpaka tuliporudi kutoka kuzika, na mimi nilikuwa ndani, kati ya wenye msiba. Mama Zaina alinipa sahani ya kwanza, akasema marehemu alinipenda kama mwana wake. Nikala. Miaka miwili baadaye wasafiri wa mtoni walileta habari kwamba Albert naye amekufa kule Yangambi.

Tangu hapo sina raha na salamu ya mtu. Watoto wa tonton wakinisalimia kwa baridi, nadhani wamejua. Wakinisalimia kwa furaha, nadhani wananichezea. Shaka niliyomtupia mwenzangu imenirudia, inakaa nami mezani.

Ninyi vijana mnaokalia meza za namba, nawasihi. Namba ikikutia mashaka, panda gari umwone aliyehesabu kabla hujamwita mwongo. Ukiona sifuri, uliza kwanza kama kuna mtu pale. Na ukiwa na neno la kumwokoa mwenzako, liseme angali na masikio ya kulisikia. Mimi nilingoja mpaka nikachelewa mara mbili.

Mama Zaina bado yuko hai. Macho yamekwisha, wajukuu humsomea. Basi ninyi mnaomsomea, msomeeni na hili, pole pole: Mama, kaka yako alilileta daftari mpaka mikononi mwangu, na hakumpa mtu mwingine.