Filamu Iliyopewa Kumi

Mama yangu alikuwa mhakiki mkali wa filamu, na hakuwahi kuelewa hata moja bila mimi. Sisemi hivyo kumdharau. Shule aliachia darasa la nne, akabaki na Kiswahili cha Biblia na Kidawida cha nyumbani, na filamu zetu zilikuwa za Kiingereza, au za Kihindi na Kikorea zenye maandishi ya Kiingereza chini. Kwa hiyo nilikaa kando yake kwenye kochi, nyumbani kwetu Chawia, nikimtafsiria. Nilianza nikiwa darasa la sita, baba alipoleta deki ya DVD, nikaendelea hata baada ya baba kufariki, nilipokuwa nimeshapata kazi ya ofisi Voi na kupanga nyumba huko huko, mtaa wa Kaloleni. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilipanda milimani na diski mbili tatu nilizonunua mjini. Zilikuwa zimejaa katoni mbili chini ya kabati la vyombo.

Filamu ikiisha, mama alichukua daftari, akaandika alama juu ya kumi na sababu kwa sentensi moja. Habari za waigizaji na mapigano hazikumhusu. "Kijana hakumwamkia mama mkwe. Nne." "Wamekula mara saba, hakuna aliyeomba. Tano." "Mbwa ana akili kuliko askari wote. Saba na nusu." Nane zilikuwa chache. Tisa ilikuwa moja tu, ya mjane wa Kihindi aliyesomesha watoto kwa cherehani. Kumi hakuwa ametoa, na nilipomuuliza alisema bado hajaonyeshwa kitu cha kumi.

Jumapili, baada ya ibada, aliwasimulia akina mama wenzake wa kikundi, na wale waliokuwa na deki waliazima. Wakati mwingine walirudi wakilalamika kwamba walichotafsiriwa na watoto wao hakifanani hata kidogo na alichosimulia yeye. Mama aliwajibu kwamba watoto wao hawajui Kiingereza. Mimi nilikuwa jikoni, nikijifanya natafuta chumvi.

Ukweli ni kwamba chumvi nilikuwa nayo tele. Ilianza kwa haya. Nikiwa na miaka kumi na miwili, mtu na mpenziwe walipobusiana, nilimwambia mama ni ndugu waliopotezana wakiwa wadogo. Mama alifurahi sana walivyopatana, akawapa saba. Baadaye haya ikageuka uvivu. Kesi ya mahakamani ya nusu saa niliimaliza kwa neno moja: amefungwa. Niliua watu ambao hawakufa ili filamu iishe haraka. Na sikujisikia vibaya, maana mama alikuwa anaburudika, na nani aliumia?

Mama ana dada mmoja tu, mkubwa wake, aliyeolewa Makwasinyi, kule Kasigau. Walikosana siku ya mazishi ya nyanya. Mama ndiye aliyemuuguza nyanya miaka minne. Halafu mama mkubwa akafika na mzigo wake mkononi, akasema mbele ya waombolezaji wote kwamba mama yao amekufa na njaa. Mama aliendelea kupakua chakula cha wageni, na tangu siku hiyo hawakuongea tena, hata salamu.

Miaka ikapita. Asubuhi moja nilipofika Chawia, mama aliniuliza, akiwa ameangalia pembeni, kama najua magari ya Kasigau hutoka Voi saa ngapi. Alisema amechoka kumkasirikia mtu mzee. Alitaka kwenda wiki inayofuata, wamalize. Nilifurahi, nikamwambia nitauliza. Kisha nikaweka filamu.

Ilikuwa ya nchi fulani ya baridi, theluji mpaka madirishani, na kwa bahati tu ilikuwa ya dada wawili waliogombana. Kimanga cha mihogo na maharagwe alichokuwa anakula mama kilipoa kwenye sahani. Kuelekea mwisho, mdogo anasafiri kwenda kwa mkubwa, anafika mlangoni, anabisha. Anabisha tena. Hapo simu yangu ikalia. Rafiki zangu wa Voi walikuwa wameshaagiza mbavu za mbuzi na walikuwa wananingoja. Filamu ilikuwa imebakisha kama dakika kumi na tano. Nikabonyeza rimoti.

"Mbona umezima?" mama akauliza.

"Imeisha. Hakufungua mlango. Ndio mwisho."

Mama akachukua daftari, akaandika kumi. Sababu yake ilikuwa hii: "Hii haidanganyi." Nilipokuwa nafunga viatu aliniambia nisihangaike tena kuuliza habari za magari.

Nilimsikia. Siwezi kusema sikumsikia. Niliteremka Voi nikala mbavu, na zilikuwa tamu.

Baada ya miezi mitatu hivi, ile diski ikiwa imebaki kwenye mkoba wangu, niliiweka nyumbani Kaloleni nikaimalizia peke yangu. Dada mkubwa anafungua. Alikuwa amechelewa kwa sababu anatembea na mkongojo. Wanaingia ndani, wanamenya viazi, mmoja anacheka, basi. Nilizima. Nikajiambia nitamweleza mama mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukafika, nikapiga moyo konde mpaka mlangoni, na mama akanipokea kwa furaha na kuuliza nimeleta filamu gani. Nikaona aibu. Niliona aibu hiyo hiyo kila mwezi kwa miaka mitatu. Nimejaribu kutafuta jina zuri la hali ile na sijapata. Ilikuwa woga tu, wa mtu mzima mwenye kazi na mshahara.

Mwaka huu binti ya mama mkubwa alinipigia simu kutoka Makwasinyi. Mamake amepigwa na kiharusi, upande mmoja wote hauna nguvu. Nilipanda Chawia siku hiyo hiyo. Mama alisikiliza, akakunja leso yake magotini.

"Hata nikienda hatafungua," akasema. "Si tuliona?"

Hapo nikamwambia. Nilimwambia mlango ulifunguliwa, na mkongojo, na viazi, na mbavu za mbuzi pia, kwa sababu nilitaka yaishe yote. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Yeye aliinuka, akatoa daftari kabatini, la pili sasa, maana la kwanza lilikuwa limejaa. Akalifungua mahali popote, akaweka kidole kwenye mstari.

"Na huyu wa mbwa?"

"Huyo ni kweli, mama."

"Yule mjane wangu?"

Nikanyamaza. Mjane wa Kihindi alikuwa ameolewa tena na tajiri katikati ya filamu, na watoto wakasomeshwa na huyo tajiri. Mama alisoma kimya changu vizuri kuliko nilivyowahi kumsomea maandishi yoyote. Alifunga daftari, akaliweka juu ya meza, mbali na mkono wake.

Kesho yake niliazima gari la mwenzangu wa kazini nikampeleka Makwasinyi. Njiani nilipomwonyesha tembo karibu na barabara, alitazama upande wa pili, nadhani kuhakikisha mwenyewe.

Mlango ulikuwa wazi. Binti ya mama mkubwa alitukaribisha, akatupeleka chumbani. Mama mkubwa alikuwa kitandani, ameegemezwa mito, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mama alisimama miguuni pake, akasema yote aliyokuwa nayo, kwa Kidawida, polepole. Kwamba nyanya alikula mpaka siku ya mwisho, uji wa mtama, aliomlisha yeye kwa mkono wake. Kwamba ameumia. Kwamba amekuja kumaliza, na anaomba msamaha kwa kuchelewa. Hakusema kwa nini alichelewa. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na hakunitaja.

Mama mkubwa alimwangalia. Machozi yakamtoka jicho moja. Akafungua mdomo, akaanza kuongea, na aliongea kirefu, akiinua ule mkono mzima, lakini zilitoka sauti tu. Binti yake alitikisa kichwa. Hata yeye haelewi. Mama aliinama, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akageuka akanitazama mimi, kama alivyozoea kwenye kochi kwa miaka yote ile, akingoja.

Jibu lilikuwa mdomoni tayari. Anasema amekusamehe, mama. Anasema alikosea. Ningelitamka vizuri, na labda ilikuwa kweli.

"Sijui, mama," nikasema.

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika dadake ule mkono mzima. Miaka mitatu nyuma, mama mkubwa angemjibu mwenyewe, kwa Kidawida, na mimi nisingehitajika.