Ua la Nondo

Kwa miaka thelathini fundi yule alichomelea madirisha ya chuma, na kila dirisha alilitia ua katikati. Ua lenyewe alilichora mkewe, sasa marehemu, kwa chaki kwenye sakafu siku walipofungua karakana. "Mume wangu," alimwonya, "usije ukawajengea watu jela."

Uzeeni akaagizwa fremu ishirini za nondo na mhandisi wa bahari. Maji ya juu yalikuwa yamepata joto na matumbawe yanakufa, kwa hiyo vipande vilivyo hai vingefungwa kwenye nondo na kushushwa chini kwenye ubaridi. Mkono wa fundi haukujali maelezo. Fremu zote zilitoka na maua.

"Mzee, samaki na mapambo wapi na wapi?" mhandisi alifoka.

"Mwanangu, mazoea yana taabu. Nitayakata maua hayo."

Lakini boti ilikuwa inangoja, fremu zikashushwa hivyo hivyo.

Miaka mitatu baadaye mhandisi alileta picha ya fremu moja. Matumbawe yalikuwa yamefunika chuma chote, na ua limenenepa, limechangamka rangi. Fundi aliitazama kitambo, kisha akamwonyesha sakafu iliyofutika chaki zamani.

"Alichuchumaa hapa," alisema.